Kazi wanayo, ujira hawana: shamba na watu wenye ulemavu wa akili

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa walimu na watumishi wa umma huko Nyololo, Wilaya ya Mufindi.



Nimeombwa nizungumze juu ya mafunzo na kazi ya shamba kwa watu wenye ulemavu wa akili. Mtu akisikia kichwa cha maneno namna hii huenda akadhani kwamba nimekuja kuwaombea watu hawa wapewe kazi. La hasha. Kazi wanayo. Nendeni katika kaya nyingi zenye kijana wa namna hiyo, nanyi mtamkuta anachota maji, anachanja kuni, anachunga mbuzi, anapalilia shamba la baba yake, na siku nyingine shamba la jirani, kisha analipwa sahani ya ugali na shati lililochakaa. Jua linapotua amekwisha fanya kazi sawa na mtu mwingine yeyote, na pengine kumzidi, kwa kuwa hakufundishwa kukataa.

Kinachokosekana kwake ni mambo matatu: mafunzo ya kuifanya kazi hiyo kwa ustadi, malipo yanayolingana na jasho lake, na heshima ya kuhesabiwa kuwa mfanyakazi. Hayo matatu ndiyo nitakayoyaeleza, na ninawaomba mnisikilize mkiwa na sura ya mtu mmoja mnayemjua, kwa maana hakuna hata mmoja wetu hapa asiyemjua.

NI NANI TUNAOWASEMA

Awali ya yote yafaa tuelewane juu ya maneno. Mtu mwenye ulemavu wa akili ni yule ambaye tangu utoto wake uwezo wa kujifunza, wa kukumbuka na wa kuamua mambo ya kila siku umekuwa mdogo kuliko wa wenzake wa rika moja. Hujifunza, lakini hujifunza polepole na kwa kurudiarudia. Huyu si mgonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili waweza kumpata profesa, na waweza kutibiwa akapona; ulemavu wa akili si homa ya kutibiwa ikaisha, bali ni hali ya mtu, naye huishi nayo kama mwingine anavyoishi na mguu mfupi. Tukichanganya mambo haya mawili tutampeleka hospitali mtu anayehitaji mwalimu, na tutamnyima dawa mtu anayehitaji daktari.

Majina tuliyozoea kuwaita watu hawa, taahira, punguani, zezeta, ni majina yanayofunga mlango kabla mwenyewe hajabisha hodi. Mtu akishaitwa hivyo hakuna anayejisumbua kumfundisha, na asipofundishwa hubaki alivyo, nasi tukasema, "Mnaona? Tulisema huyu haelekei." Hivyo ndivyo jina linavyozaa ushahidi wake lenyewe.

Zipo sababu nyingi za ulemavu huu: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, au hitilafu aliyozaliwa nayo. Lakini sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunayo sababu moja ya kwetu ambayo haifai kusahauliwa. Udongo wa milimani, uliosombwa na mvua za miaka na miaka, ni haba wa madini joto. Mama mjamzito asiyeyapata madini hayo katika chakula chake huweza kuzaa mtoto ambaye ubongo wake haukukua inavyopasa. Wazee wetu waliona mavimbe ya shingo, wakayaona pia majumbani mwao watoto waliochelewa kusema na kutembea, wala hawakujua kwamba mambo hayo mawili yanatoka katika chanzo kimoja. Wengine walidai ni laana, wengine wakamshitaki shangazi kwa uchawi.

Kuanzia mwaka 1986 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 ukaanza utaratibu wa kuyatia madini hayo katika chumvi. Baadaye wataalamu Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichunguza jambo hili, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2009 walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge hivyo wakati wa mimba walisonga mbele zaidi katika masomo kuliko wenzao. Kwa hiyo baadhi ya watu wazima tunaowadharau leo hawakupungukiwa kwa sababu ya dhambi ya mtu yeyote. Walipungukiwa kwa sababu ya kitu kidogo kilichokosekana katika chungu cha mboga. Ikiwa ardhi yenyewe iliwanyima, basi si jambo la ajabu tukitafuta namna ya kuifanya ardhi hiyo hiyo iwalipe.

BAADA YA DARASA LA SABA

Nchi yetu haikuanza leo kuwafikiria watoto wenye ulemavu. Mwaka 1950 ilianzishwa shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 ikafuata shule ya viziwi Tabora. Watoto wenye ulemavu wa akili ndio waliosubiri zaidi: elimu yao ya shuleni ilianza mwaka 1982. Tangu hapo vimefunguliwa vitengo katika shule za msingi za kawaida, na Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kimekuwa kikiandaa walimu wa elimu maalumu. Hayo ni mafanikio, na mwalimu anayefanya kazi katika kitengo cha namna hiyo anastahili shukrani yetu sote. Yeye ndiye anayetumia miezi mitatu kumfundisha mtoto kufunga vifungo vya shati, na siku mtoto anapofaulu hapigiwi makofi na mtu yeyote isipokuwa mama wa mtoto.

Lakini naomba niulize swali ambalo walimu hao huulizana wao kwa wao: Baada ya hapo, nini? Mtoto mwingine akimaliza darasa la saba anakwenda sekondari, au chuo cha ufundi, au mjini kutafuta riziki. Huyu wetu anarudi nyumbani. Aliyejifunza kupanga, kuhesabu kidogo, kusalimu wageni, kutunza usafi wake na kusikiliza maelekezo, anakaa barazani, na yale aliyoyapata kwa taabu yanayeyuka mwaka hata mwaka, kwa sababu ujuzi wake ni kama jembe, usipotumika hushika kutu. Baada ya miaka mitano mwalimu akipita mbele ya nyumba hiyo haoni tofauti kati ya mwanafunzi wake na yule ambaye hakusoma kabisa. Je, gharama ile yote imekwenda wapi?

Hili ndilo pengo ninalotaka tulitazame. Shule tumeijenga, kazi ipo nyumbani, lakini daraja kati ya shule na kazi hakuna.

KWA NINI SHAMBA

Mtu aweza kuuliza kwa nini nalitaja shamba na si kiwanda wala ofisi. Jibu la kwanza ni kwamba hapa Nyololo shamba ndilo lililopo. Ukitoka penye barabara kuu ya TANZAM ukashika njia ya Igowole na Mtwango, au ukiteremka mabondeni, unaona mahindi, maharage, viazi, miti ya mbao, chai, na sasa parachichi. Kijana anayejua kazi hizi hatakuwa na ujuzi wa kigeni usiohitajiwa na mtu. Atafanya yale yanayofanywa na baba zake na shangazi zake, na kwa hiyo atakuwa na la kuzungumza na jirani.

Jibu la pili, na ndilo kubwa zaidi, ni kwamba kazi ya shamba inafundishika kwa mtu anayejifunza polepole. Tatizo lake kubwa ni mambo yasiyoonekana: maneno mengi, hesabu za kichwani, ahadi za mwezi ujao. Shamba lina vitu vinavyoonekana na kushikika. Tuta lililopaliliwa na lile lisilopaliliwa hayahitaji maelezo. Ndoo imejaa au haijajaa. Tena kazi hurudi: leo amelisha kuku, kesho atalisha tena, na keshokutwa tena, mpaka mikono yake inazoea hata pale akili inapochelewa.

Ngoja niwape mifano, maana maneno matupu hayalimi. Mtaalamu wa kilimo anasema mahindi yapandwe kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya shimo na shimo kwa mbegu moja moja. Kwa kijana asiyeweza kuhesabu hadi 10 habari hiyo ni kelele. Lakini mpe kamba yenye mafundo kila sentimita 30, iliyofungwa kati ya vigingi viwili, na umwonyeshe kwamba kila penye fundo pana shimo. Atapanda mstari ulionyooka kuliko wa wengi wetu tunaojivunia kusoma. Mbolea nayo wakulima wengi huipima kwa kizibo cha soda: shimo moja, kizibo kimoja. Kipimo hicho hakikubuniwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, bali kwa ajili ya wakulima wote, nacho kinawafaa wao kuliko mtu yeyote.

Kadhalika trei la mayai lina nafasi 30. Kijana hahitaji kujua 30 ni ngapi. Anahitaji kuona kwamba kila shimo limepata yai na hakuna lililobaki wazi. Katika kitalu cha miche, viriba hupangwa kwa safu, kila kiriba hupata udongo, kisha mche, kisha maji. Kazi ya kubebesha miche ya parachichi inahitaji mkono uliozoea, na wako watakaoiweza na watakaoshindwa, lakini kujaza viriba, kumwagilia na kung'oa magugu ni kazi ambayo wengi wao wakishaizoea huifanya kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa hawana haraka ya kwenda penginepo.

Siri yake ni moja: kuivunja kazi katika hatua ndogo, kufundisha hatua moja mpaka ikae, kisha kuongeza ya pili. "Kalime bustani" si agizo moja, ni maagizo 10 yaliyofichwa katika maneno mawili. Mwalimu wa kitengo analijua hilo, bwana shamba hajalizoea. Kwa upande mwingine bwana shamba anajua udongo, wadudu na misimu, na mwalimu hajui. Tukiwaweka watu hawa wawili katika shamba moja, tumekwisha pata chuo.

Nyanda zetu zinatupa faida nyingine. Mwaka wetu wa kilimo hauna likizo ndefu. Mvua zikianza Novemba tunapanda mahindi, zikikoma, tunavuna, na baada ya hapo tunateremkia vinyungu, yale matuta ya mabondeni yanayotunza unyevu wakati wa ukavu, tukalima maharage, mboga na mahindi mabichi. Mtu anayejifunza kwa kurudia huhitaji mwaka usio na pengo. Akikaa miezi minne bila kazi, atakuwa amesahau. Vinyungu vinaziba pengo hilo.

WALIOTUTANGULIA

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, nyumba iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa kutoka utumwani iligeuzwa mwaka 1904 kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi ya shamba ikawa sehemu ya maisha ya wagonjwa. Baada ya Uhuru nchi yetu ilianzisha vijiji vya kilimo vya kuwarejesha wagonjwa wa akili katika maisha ya kawaida, kama vile Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti kwa upande wa Dar es Salaam. Nimekwisha kusema kwamba ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili ni mambo mbalimbali, lakini fikra iliyowaongoza waanzilishi hao inatuhusu: kwamba mtu hurudi kuwa mtu mbele ya wenzake anapoonekana akizalisha.

Nje ya nchi yetu historia ya jambo hili ni nzito zaidi. Katika Ujerumani ya Hitler, kuanzia mwaka 1939, watu wenye ulemavu wa akili na wagonjwa wa akili waliuawa kwa mpango wa serikali yenyewe, kwa hoja kwamba wao ni walaji wasiozalisha. Mpaka mwaka 1941, mpango huo ulipositishwa rasmi, watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi, na mauaji yaliendelea kwa njia nyingine baada ya hapo. Wakati huo huo daktari mmoja wa watoto, Karl König, aliyekimbia Vienna mwaka 1938, alikuwa Scotland, karibu na mji wa Aberdeen. Huko mwaka 1940 yeye na wenzake walianzisha makao yaliyoitwa Camphill, ambamo watoto wenye ulemavu wa akili waliishi na kufundishwa pamoja na walezi wao. Watoto hao walipokua swali likawa lile lile letu: Baada ya hapo, nini? Jibu lao lilikuwa kijiji. Mwaka 1955 kilianzishwa kijiji cha Botton, kaskazini mwa Uingereza, ambako watu wazima wenye ulemavu huo waliishi na wenzao wasio na ulemavu, wakalima, wakafuga na kuoka mikate.

Na siku hizi huko Uholanzi yapo mashamba zaidi ya 1,000 ya wakulima wa kawaida ambayo hupokea watu wenye mahitaji maalumu kufanya kazi mchana na kurudi makwao jioni. Fedha za huduma za jamii humlipa mkulima kwa malezi hayo. Sisemi tuige yote. Sisi hatuna hazina ya Uholanzi. Lakini tunacho walichokuwa wakikitafuta Botton kwa taabu: kijiji tayari kipo, na mtu huyu amezaliwa ndani yake.

HATARI MBILI

Ndugu zangu, njia hii ina hatari zake, na ni afadhali tuzitaje wenyewe.

Hatari ya kwanza ni kulifanya shamba kuwa jalala. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza, ambapo mwanafunzi anapanga, anafanya, anaona matokeo na kushiriki kuyagawa. Katika shule nyingi mambo hayakwenda hivyo. Jembe likawa fimbo. Aliyechelewa namba alikwenda kulima, aliyepiga kelele alikwenda kulima, na kijana akakua akiamini kwamba kulima ni adhabu ya walioshindwa. Sasa tukisema, "Huyu akili yake ni ndogo, apelekwe shambani," tutakuwa tumeitukana kazi na kumtukana mtu kwa pamoja. Shamba la mafunzo lazima liwe shamba bora kuliko yale yaliyolizunguka, lenye mbegu nzuri, lenye kumbukumbu, lenye mtaalamu. Jirani aje kujifunza kwake. Hapo ndipo heshima itakapopatikana.

Tena si kila mwenye ulemavu wa akili anapenda kulima, kama vile si kila asiye na ulemavu anavyopenda. Mjini Iringa, Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa la Anglikana, imeonyesha kwamba watu wenye ulemavu wanaweza kuendesha karakana na mgahawa. Shamba na liwe mlango mmoja, lisiwe ukuta.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni unyonyaji. Mtu asiyejua hesabu ni rahisi kumdhulumu. Tukimfundisha kulima vizuri bila kumlinda, tutakuwa tumemnoa tu ili wengine wamtumie. Atalima ekari nzima apewe soda. Atauza mayai, na fedha zitaingia katika simu ya kaka yake, na kaka ndiye mwenye namba ya siri. Na kwa wasichana hatari ni mbaya kupita hiyo, kwa sababu wapo watu waovu wanaojua kwamba msichana huyu hatasema, au akisema hataaminiwa. Kwa hiyo shamba lolote la mafunzo lisilokuwa na kanuni za malipo na za ulinzi ni bora lisianzishwe.

Sheria tunazo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaotambua haki yao ya kufanya kazi na kulipwa sawa kwa kazi iliyo sawa. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Mashamba ya chai, makampuni ya mbao na maghala ya parachichi katika nyanda hizi yanaajiri watu wengi kuliko 20. Mwajiri anapoambiwa habari hii mara nyingi humfikiria mwenye mguu mmoja anayeweza kukaa mezani, naye ana haki hiyo. Lakini ni wangapi wanaomfikiria yule anayeweza kujaza viriba tangu asubuhi hadi jioni bila kuchoka wala kuchokoza mtu?

TUFANYE NINI

Sitaki tuondoke hapa na maneno mazuri tu. Naomba kila mmoja achukue fungu lake.

Kwenu walimu: msingoje darasa la saba. Mtoto wa kitengo akifika miaka 12 au 13, andikeni kwa kila mmoja kazi anazoziweza na hatua alizofikia, na karatasi hiyo imfuate atokapo shuleni. Isiandikwe "hawezi kuhesabu". Iandikwe "hupanda kwa kamba bila kusimamiwa", au "hukusanya mayai, hukumbushwa kufunga banda". Mwajiri au mzazi akisoma hivyo atajua pa kuanzia.

Kwenu maofisa ugani: katika mashamba darasa mnayoyaendesha, ingizeni vijana wawili au watatu wa namna hii pamoja na wakulima wengine. Msiwatenge. Mkulima mwenzake atakuwa mwalimu wake wa pili, na wote watazoeana.

Kwenu viongozi wa vyuo: Chuo cha Maendeleo ya Jamii Rungemba kipo katika wilaya hii, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ulembwe kipo Njombe, na Uyole, Mbeya, ni jina kubwa katika kilimo cha nchi hii. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima ambao mfumo wa mitihani uliwaacha nje. Nani ameachwa nje na mitihani kuliko huyu? Sera ya elimu katika toleo lake la mwaka 2023 imeupa uzito mkondo wa amali. Ikiwa amali ni ujuzi wa mikono, basi mtu anayejifunza kwa mikono asiwe wa mwisho kufikiriwa.

Kwenu watumishi wa halmashauri: sheria inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Tujiulize kwa haki, katika vikundi vinavyoomba fungu hilo, ni vingapi vyenye watu wenye ulemavu wa akili? Mwenye ulemavu wa miguu hujaza fomu mwenyewe. Huyu hawezi, na asipopata wa kumsaidia kuijaza, fungu lake linapita mbele ya macho yake. Ofisa maendeleo ya jamii na awatafute wazazi, awaunganishe na vijana wao katika kikundi kimoja, na katika katiba ya kikundi iandikwe wazi kwamba mzazi ni msaidizi na kijana ndiye mwanachama.

Na kwenu wazazi: mwanao alipwe mkononi mwake, mbele ya shahidi, hata kama fedha ni kidogo. Nendeni naye dukani. Mwacheni achague kati ya sabuni na biskuti, na akikosea mwacheni akosee. Mtu ambaye hajapata kununua kitu kwa fedha yake hajui kwamba kazi ina maana. Mtengeeni pia kipande cha kinyungu kinachoitwa kwa jina lake, na mkilinde kwa maandishi mbele ya serikali ya kijiji, maana siku mtakapofariki ndugu zake watagawana kila kitu, naye atakuwa fungu asilotaka mtu kulichukua. Mwenye kinyungu chake huwa na ndugu wa kumtembelea.

Mwalimu anayenisikiliza huenda anasema moyoni kwamba haya ni mengi, na kwamba yeye ana wanafunzi 80 darasani. Ni kweli. Basi aanze na mmoja. Kamba ya mafundo haigharimu kitu, na kizibo cha soda kimelala barabarani. Kisicholala barabarani ni nia ya kumkalia mtu mmoja mpaka aweze.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kumkaripia mvivu. Lakini ina upande wa pili. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia kwamba ugeni wake umekwisha, na kwamba chakula atakachokula kuanzia leo ni haki yake wala si fadhila. Ndugu zetu wenye ulemavu wa akili wamekuwa wageni katika nyumba walimozaliwa, na jambo la kusikitisha ni kwamba jembe tuliwapa zamani. Tulichowanyima ni ule wenyeji unaofuatana na jembe: kufundishwa, kulipwa, na kuitwa wakati wa kugawana mavuno.